Magari ya Abiria Yanapovishwa Matairi Makubwa

Barabara itokayo Hima kuelekea Kasese imenyooka mahali pengi, na humshawishi dereva kukanyaga mafuta. Hapo ndipo asubuhi moja ya siku ya soko askari wa trafiki walipoisimamisha HiAce iliyokuwa ikipeleka abiria Mpondwe. Kifaa cha kupimia mwendo kilionyesha kilomita 84 kwa saa, ilhali gari la abiria halitakiwi kupita 80. Dereva, mtu mzima asiyejulikana kwa ubishi, alishuka akasema kwa utulivu: "Afande, macho yangu yalikuwa kwenye mita. Haikupita themanini." Konda wake akaapa vivyo hivyo. Mzee mmoja aliyekaa kiti cha mbele naye akasema aliuona mshale kwa macho yake.

Nilikuwapo, na nakiri kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa lile la siku zote, kwamba kila dereva aliyekamatwa husema hivyo. Kisha mwenzangu mmoja, aliyewahi kufanya kazi na Mkaguzi wa Magari, akachutama kando ya gurudumu la nyuma akasoma tarakimu zilizochapwa ubavuni mwa tairi. Alipoinuka alisema kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki. Kifaa chetu kilisema kweli, na dereva naye hakusema uongo. Mshale ndio uliokuwa ukimpunja, na haukuwa umeharibika. Gari lilikuwa limetolewa matairi yake ya kiwandani likavishwa makubwa zaidi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama magurudumu kila ninapopita kwenye maegesho ya teksi, iwe Hima, Kasese mjini au Bwera. Magari yaliyovishwa hivyo si machache. Wenye magari, madereva, na hasa abiria ambao hakuna anayewauliza, wanastahili kujua jambo hili hubadilisha nini barabarani.

Kwanza tuwe waadilifu. Anayeweka matairi makubwa si mjinga, na mara nyingi ana sababu. Anayebeba kahawa kutoka milima iliyo juu ya Bwera hupita njia ambazo mvua huzichimba mifereji katikati, na chini ya gari kukikwaruza jiwe, tangi la oili ndilo hupasuka. Anayevuka mto Lhubiriha kwenda Kasindi na kuendelea hadi Beni ameizoea kwa miaka mingi barabara ya udongo iliyotafuna springi za kila aina. Ni barabara ileile ambayo kazi ya kuitengeneza ilizinduliwa Mpondwe mwezi Juni 2021 na marais wa nchi zetu mbili. Tairi kubwa huinua gari, huvuka shimo kwa ulaini zaidi, na likiwa na meno makubwa hushika matope vizuri. Wapo pia, tusifichane, wanaoliweka kwa sababu ya sura tu, ili gari lisimame kifua mbele pale kwenye maegesho. Tatizo ni kwamba gari lile lile linalopanda mlimani Jumatatu hushuka Jumanne likaingia kwenye lami, limejaa watu, na huko lami ndiko deni la tairi kubwa hulipwa.

Ili kulielewa deni hilo tusome tairi kama alivyolisoma mwenzangu. HiAce nyingi tulizo nazo hutoka kiwandani na matairi yaliyoandikwa 195/80R15. Tarakimu ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kikihesabiwa kama asilimia ya upana ule. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Asilimia 80 ya milimita 195 ni 156. Ubavu uko juu na chini ya rimu, kwa hiyo ni mara mbili. Ongeza rimu ya inchi 15, yaani milimita 381, utapata tairi lenye kimo cha milimita 693. Matairi yaliyokuwa kwenye gari lile yaliandikwa 235/75R15. Hesabu hiyo hiyo hutoa milimita 733 na nusu. Tofauti ni sentimita nne, na kwa kuwa nusu yake iko juu ya ekseli, gari limeinuka sentimita mbili tu, upana wa kidole gumba. Hiyo ndiyo faida yote ya kimo aliyoinunua.

Sasa tuone alichokitoa. Kipimamwendo cha gari hakijui gari linakwenda kasi gani. Kinachojua ni magurudumu au shafti imezunguka mara ngapi, na kiwanda kimekifundisha kwamba kila mzunguko ni urefu fulani wa barabara. Tairi la asili likizunguka mara moja husogeza gari takriban mita 2.1, lile kubwa husogeza kama sentimita 12 zaidi. Mshale hauna habari hizo. Unaendelea kuhesabu kwa urefu wa zamani, na dereva anaposoma 80, gari kwa hakika linakaribia 85. Anaposoma 50 akipita katikati ya mji wa Hima, amepita 50 tayari.

Wapo watakaosema wamejaribu na hawakuona tofauti. Huenda wanasema kweli, kwa sababu viwanda huvitengeneza vipimamwendo visome juu kidogo ya mwendo halisi, visisome chini kamwe. Ni akiba ya usalama. Tairi kubwa huanza kwa kuila akiba hiyo, na likiimaliza huingia kwenye hasara. Akiba yenyewe haifanani gari kwa gari, na tairi jipya lenye meno marefu hukimbia zaidi kuliko lililolika.

Kosa hilo hilo huingia kwenye kihesabu kilomita. Gari likienda kilomita 100, kitaandika 94 na nusu hivi. Mwenye gari anayebadilisha oili kwa kufuata kilomita atachelewa kila mara, na atakayenunua gari hilo kesho ataambiwa limetembea kidogo kuliko lilivyotembea. Na kidhibiti mwendo, kile ambacho sheria hukitaka kwenye magari ya abiria, kikiwa kinapata habari zake kutoka kwenye giaboksi, nacho kitadanganyika. Kimefungwa kwenye 80, lakini gari linapita.

Hadi hapa mtu anaweza kusema kwamba kilomita nne au tano kwa saa si kitu cha kuandikia makala. Ningekubaliana naye kama isingekuwa breki.

Breki hukamata ngoma au diski iliyo katikati ya gurudumu, na nguvu yake hufika barabarani kupitia kimo cha tairi. Aliyewahi kujaribu kusimamisha gurudumu la baiskeli linalozunguka kwa kushika karibu na kitovu, kisha akashika ukingoni, anafahamu tofauti yake. Tairi likirefuka, breki zile zile, kwa mguu ule ule kwenye pedeli, hutoa nguvu pungufu pale ambapo mpira unagusa lami. Kwa matairi tuliyoyataja upungufu ni kama asilimia 5 na nusu. Wakati huohuo gari lina kasi zaidi ya ile ambayo dereva anaidhania, na nguvu ya mwendo haiongezeki sambamba na kasi, huongezeka kwa kasi mara kasi. Mwendo ukizidi kwa asilimia 6, mzigo wa breki huzidi kwa asilimia 12. Hasara mbili zimekutana mahali pamoja.

Nimeifanya hesabu hiyo kwa HiAce mbili zinazofuatana mawazo, barabara ikiwa kavu, madereva wote wakiwa macho na kuchukua sekunde moja tangu kuona hatari hadi kukanyaga breki. Wote wawili wanasoma 80 kwenye mita zao. Ya kwanza, yenye matairi ya kiwandani, husimama kabisa baada ya mita 63 hivi. Ya pili, yenye matairi makubwa na mguu uliokanyaga kwa uzito ule ule, husimama baada ya mita 72. Tofauti ni mita tisa, karibu urefu wa HiAce mbili zikipangwa moja nyuma ya nyingine.

Lakini mita tisa hazielezi jambo lote. Jiulize: pale ambapo gari la kwanza limeshasimama, la pili lina mwendo gani? Watu wengi niliowauliza walijibu kilomita tano au kumi. Jibu ni 36. Ni mwendo wa bodaboda yenye haraka, ila hapa kinachokuja ni chuma cha tani mbili na zaidi, chenye watu ndani. Mtoto aliyekuwa akivuka barabara mbele ya gari la kwanza ameshituka tu, akakimbilia upande wa pili. Mbele ya gari la pili hakukimbilia popote.

Dereva hodari atanijibu kwamba yeye angekanyaga kwa nguvu zaidi. Ni kweli, breki nzuri zina nguvu ya ziada, na akiitumia yote ile hasara ya kwanza hupungua. Lakini ile ya mwendo hubaki, na mita sita hivi hazirudi. Tena mguu una mazoea. Kwa miaka kumi umejifunza kwamba kukanyaga kiasi hiki husimamisha gari pale, na katika nusu sekunde ya hofu mguu hufanya ulichozoea.

Wanaoijua barabara yetu wanajua ni wapi mita hizi zinahitajika. Mjini Hima malori ya saruji huingia na kutoka barabarani mchana kutwa, na mtembea kwa miguu hujitokeza nyuma ya lori bila kuonekana. Kuanzia Kikorongo hadi karibu na Bwera barabara hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na jioni tembo huvuka bila kungoja ruhusa ya mtu. Swala wa aina ya kobu wanaruka ghafla, ngiri nao hurudi walikotoka baada ya kuonekana wamekwisha vuka. Huko hakuna taa za barabarani. Taa za gari hufika mbali kiasi fulani tu, na mita tisa hukatwa kutoka kwenye kiasi hicho hicho.

Kuhusu injini nitasema kwa ufupi, maana dereva hulisikia mwenyewe. Gari lenye tairi kubwa ni kama limepandishwa gia kidogo kwa kila gia. Huondoka kwa uzito, klachi huungua mapema, na kwenye mlima dereva hulazimika kushusha gia mahali ambapo zamani hakushusha. Hayo ni ya mfuko. La hatari ni kuteremka. Mlima wa Kichwamba, kwa wanaokwenda na kurudi upande wa Mbarara, hushukwa kwa kuiachia injini izuie gari ili breki zisipate moto. Tairi kubwa hupunguza kizuizi hicho cha injini, breki hufanya kazi ya ziada, na breki zikishapata moto sana pedeli huzama bila kushika kitu. Anayeteremka na matairi makubwa hana budi kuingia gia ya chini zaidi kuliko aliyoizoea, tena kabla mteremko haujaanza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishangaza mimi mwenyewe kuliko yote, na ambalo wenye magari wengi hawalijui. Tairi kubwa halimaanishi tairi lenye nguvu ya kubeba. Baada ya ule ukubwa, ubavuni mwa tairi huandikwa tarakimu nyingine na herufi. Tairi la HiAce la kiwandani huwa na 107/105. Tarakimu 107 ni alama ya mzigo, na maana yake ni kilo 975 kwa tairi moja. Matairi mengi ya 235/75R15 yanayouzwa yalitengenezwa kwa magari ya kifahari ya kupanda milima yanayobeba watu watano, na yameandikwa 105 peke yake, yaani kilo 925. Kwa hiyo mtu ameondoa tairi dogo lenye uwezo wa kilo 975, akaweka kubwa, nono, la kutisha kwa sura, lenye kilo 925. Kwa matairi manne amepoteza kilo 200, na kwa kuwa gari sasa linaonekana lina misuli, ameongeza magunia ya chumvi ya Katwe juu ya keria.

Na si uzito tu. Tairi la gari la mizigo limeundwa na kuta ngumu ili lipokee upepo mwingi, hata psi 65. Tairi la gari la watu binafsi halikuundwa kwa hayo. Likijazwa kama la mizigo linalazimishwa kubeba upepo lisioumudu. Likijazwa kwa kipimo chake, ubavu hujikunja chini ya mzigo kila mzunguko, hupata moto, na tairi lililopata moto juani kati ya Katunguru na Kikorongo halitoi taarifa kabla ya kupasuka. Anayenunua matairi yaliyokwisha kutumika ana la ziada la kutazama: tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Zikiwa 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Meno yanaweza kuwa marefu na mpira ukawa umezeeka.

Rimu nayo ina neno. Rimu za chuma za HiAce ni nyembamba, nyingi zina upana wa inchi tano na nusu au sita. Tairi la 235 linahitaji rimu isiyopungua inchi sita. Likibanwa kwenye rimu nyembamba linavimba kama mkate, linakanyaga kwa katikati tu, na gari linayumba kwenye kona. Fundi akiliona hilo hushauri rimu pana, au vipande vya chuma vya kuisogeza rimu nje. Hapo usukani huwa mzito, beringi za magurudumu hulemewa, na gurudumu likigonga shimo usukani hutaka kutoka mikononi.

Kuna jaribio rahisi ambalo mafundi wengi hulifanya nusu. Hugeuza usukani hadi mwisho gereji, gari likiwa tupu, wakaona tairi haligusi kitu, wakasema tayari. Gari likijaa watu kumi na wanne, springi hushuka, fenda hukutana na tairi katikati ya kona. Mbaya zaidi ni tairi kuukwangua mpira wa breki unaopita ndani ya gurudumu. Hukwanguka kidogo kidogo, hauonekani kwa nje, hadi siku moja mguu unapokanyaga na oili ya breki kumwagika barabarani. Jaribio lifanyike gari likiwa limejaa, kulia na kushoto.

Ili kuzuia mgusano huo wengine huinua springi kwa kuongeza majani au kuweka vipande vya chuma. Magari mengi ya aina hii yana vali karibu na ekseli ya nyuma, yenye fimbo inayopima umbali kati ya bodi na ekseli. Gari likijaa, umbali hupungua, nayo vali hupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Ukiinua springi, fimbo huona umbali mkubwa siku zote, ikadhani gari ni tupu siku zote. Gari limejaa abiria na mizigo, breki za nyuma zinafanya kazi kama za gari lisilo na mtu. Fundi aliyeinua springi bila kuirekebisha fimbo hiyo hajamaliza kazi, hata kama gari limependeza.

Niseme pia juu ya maji, kwa sababu Kasese imezika watu kwa maji. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, tuliona nguvu ya mto ulioshuka kutoka Rwenzori ukiwa na mawe tumboni. Madereva wengine huamini kwamba matairi makubwa huwapa ruhusa ya kuvuka mkondo. Zile sentimita mbili hazibadilishi chochote. Maji yanayokwenda kasi yakifika kama sentimita 60 yanaweza kuchukua magari mengi, HiAce ikiwa miongoni mwake, na tairi lenyewe limejaa hewa, husaidia gari kuelea. Abiria anayemwomba dereva asubiri maji yapungue hana haja ya kuona haya.

Basi afanye nini mwenye gari ambaye njia yake kweli ni ya matope? Ushauri wa kwanza ni kwamba matope hayataki kimo cha tairi, yanataka meno. Matairi ya ukubwa ule ule wa kiwandani, yenye meno ya kushika udongo na alama ya mzigo ile ile, yanapatikana, na hayagusi mshale, breki wala vali. Upepo ujazwe kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko kilicho kando ya mlango wa dereva, upimwe asubuhi kabla tairi halijapata moto. Asiyeridhika na hayo na akaamua kuongeza, asizidishe kimo kwa zaidi ya asilimia 3 hivi. Kwa HiAce yenye 195/80R15 hizo ni milimita 20 tu za kipenyo. Alama ya mzigo isishuke. Matairi yote manne yafanane, na la akiba pia. Wale wanaoweka mawili makubwa nyuma na kuacha madogo mbele huinamisha gari kifudifudi, na kama gari lina breki za kompyuta huichanganya, kwa maana magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa. Na tairi dogo la akiba likiwekwa nyuma upande mmoja, difu hulazimika kusaga gia zake njia nzima, hata mahali barabara ilipo nyoofu, hadi inapata moto.

Kupima hakuhitaji gereji. Weka alama ya chaki kwenye tairi na nyingine ardhini chini yake, sukuma gari mahali pa tambarare hadi alama ya tairi irudi chini, kisha pima kwa futi ya fundi seremala umbali uliosogea. Fanya kwa tairi la zamani na kwa jipya. Au mwache konda ashike simu yenye programu ya kuonyesha mwendo kwa satelaiti, asome kwa sauti, na dereva amwambie mshale unasemaje. Dereva asishike simu hiyo yeye mwenyewe.

Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 inahesabu kuwa ni kosa kuliendesha barabarani gari lililo katika hali ya hatari kiufundi, na tairi linalokwaruza fenda au lisilomudu mzigo haliko mbali na hali hiyo. Lakini Mkaguzi wa Magari hatazami magari yaliyogongana peke yake. Anayetaka kubadilisha ukubwa wa matairi anaweza kumwona kabla ya kununua. Abiria naye ana macho. Akiona mpira uliokwanguka ndani ya fenda, au akisikia mkwaruzo kwenye kila kona, amwambie dereva kwa heshima, na asiposikilizwa awaambie askari wa trafiki walio njiani.

Dereva yule wa asubuhi ile alirudi kwetu siku chache baadaye, bila kuitwa. Matairi yake ya kiwandani alikuwa ameshayauza, na fedha za kununua mengine zingempasa azingoje. Alituomba tumfanyie hesabu. Tulikaa naye chini ya mwembe, tukaandika kwenye kipande cha karatasi: ukisoma 28, ni 30, ukisoma 47, ni 50, ukisoma 75, ni 80. Akaibandika karatasi ile kwenye dashibodi kwa gundi ya plastiki, akaondoa keria juu ya gari, na akatuambia kwamba hadi atakaponunua mengine atapakia abiria peke yao, magunia yatafute lori.